Ng'ombe Ndani ya Alama za Nukuu

Mtu anayejifunza kuandika programu za kompyuta hasomi maelezo kwanza. Anapekua kurasa akitafuta mfano, anauchapa kama ulivyo, kisha anatazama kama mashine itaukubali. Ukikubaliwa anaendelea mbele, na huenda asirudi kamwe kwenye aya zilizouzunguka. Ukikataliwa ndipo anaposoma maelezo, tena kwa hasira. Kwa hiyo katika mwongozo wa kurasa mia mbili, mwongozo wenyewe hasa ni ile mistari michache iliyochapwa kwa herufi za upana mmoja. Yaliyobaki ni sisi waandishi tukizungumza.

Ninaandika haya nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili, si wa kompyuta. Huu ni mwaka wa pili sasa, wanafunzi watano wa kitivo chetu tunatafsiri masomo ya mwanzo ya lugha ya Python kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, na wa kwanza kuyapokea ni wa kwetu Minembwe. Tulipoanza tulidhani kazi ngumu ingekuwa istilahi. Wasomaji wa jarida hili wanaujua ugomvi huo: je, tuseme msimbo au kodi? (Tulichagua msimbo. Ukimtajia mzazi neno kodi, atakuuliza inalipwa lini.) Istilahi zilituchukua wiki tatu. Mifano ndiyo imetuchukua muda wote uliobaki.

Niseme kidogo juu ya msomaji tunayemwandikia, kwa sababu bila yeye hoja yangu itaonekana ya kupenda usafi tu. Minembwe iko kwenye nyanda za juu za Fizi, Kivu Kusini, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Chini kabisa, upande wa mashariki, ni Baraka na Ziwa Tanganyika. Njia ya kupanda huharibika vibaya wakati wa mvua, na katika miaka hii ya vita si kila anayetaka kupita hupita. Umeme ni wa sola. Mtandao wa simu hupatikana mahali fulani na saa fulani, na kuna vilima ambavyo watu huvipanda kwa sababu hiyo tu. Kijana mwenye kompyuta ya mkononi iliyochakaa huipeleka kuchajiwa kwa malipo, anarudi nayo nyumbani, na tangu hapo betri inahesabu. Akikwama hana jirani wa kumwuliza. Mwenzake wa Nairobi au Dar es Salaam akikutana na mfano mbovu anapoteza dakika tano, kwa sababu mtandaoni kuna watu elfu waliokwisha kukutana nao. Huyu wa kwetu anapoteza chaji nzima.

Nilipokuwa sekondari, somo la informatiki lilifundishwa kwa chaki. Mwalimu wetu alinakili ubaoni kutoka kwenye makaratasi yaliyopigwa fotokopi mara nyingi hadi herufi zikafifia, nasi tukanakili kwenye madaftari. Simlaumu hata kidogo. Alichokuwa nacho alikigawa chote. Lakini ubao una tabia moja: haukatai kitu. Mfano mzima na mfano mbovu hukaa juu yake kwa heshima ile ile. Makaratasi yale yalikuwa yameandikwa kwa ajili ya Python 2, ambamo mtu aliweza kuandika hivi:

print "Jambo"

Toleo la Python 3 lilipotoka Desemba 2008, mstari huo uliacha kukubalika. Sasa lazima mabano yawepo:

print("Jambo")

Msaada rasmi kwa Python 2 ulikoma tarehe 1 Januari 2020. Lakini karatasi hazijui tarehe hiyo. Fotokopi zile bado zinazunguka, na miaka mitatu iliyopita zilimfikia mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, pamoja na kompyuta yenye Python 3. Alipanda kilimani akanitumia ujumbe kwa Kiswahili chetu cha kule: "Yaya, mashini inakatala. Kosa ni yangu ao ni ya karatasi?"

Swali hilo nimelibeba tangu siku ile. Asiye na mtu wa kumwuliza hawezi kulijibu. Tena jibu ambalo kijana hujipa mwenyewe ni lile baya zaidi, kwamba kosa ni lake. Karatasi imeandikwa na mtu msomi, imetoka mbali, imepigwa chapa. Yeye ni nani?

Hata hivyo, mfano wa mabano ni wa afadhali, kwa sababu mashine inapiga kelele. Ule unaonitisha ni huu:

7 / 2

Katika Python 2 jibu lilikuwa 3, kwa kuwa namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima ilitoa namba nzima na kilichobaki kikatupwa. Katika Python 3 jibu ni 3.5. Hakuna kelele yoyote. Mwongozo unasema 3, skrini inasema 3.5, na mwanafunzi anayejua kabisa kwamba lita 7 za maziwa zikigawiwa nyumba 2 kila nyumba inapata lita tatu na nusu, anaanza kushuku hesabu zake mwenyewe ili karatasi ibaki na heshima yake.

Sasa, nani anapaswa kulinda mifano isifike hapo? Nilipoanza nilidhani ni mhariri mwenye macho makali. Siamini tena. Jicho la binadamu linasoma kinachotarajiwa. Mhariri mzuri wa Kiswahili atakamata upatanisho uliovunjika kutoka upande wa pili wa chumba, lakini nukta pacha iliyodondoka mwishoni mwa mstari wa msimbo itampita. Dawa ilikwisha kupatikana zamani, tena ni nyepesi. Mwaka 2001, katika toleo la Python 2.1, iliingizwa moduli iitwayo doctest, iliyoandikwa na Tim Peters. Kazi yake ni kusoma maandishi ya kawaida, yenye aya na maelezo, na kutafuta ndani yake mistari inayoanza na alama tatu za mshale, >>>. Kila ikiupata mstari wa namna hiyo inauendesha, kisha inalinganisha kilichotoka na kilichoandikwa chini yake. Vikitofautiana, inasema ni mstari wa ngapi, mwandishi alitarajia nini, na mashine imetoa nini. Vikilingana inanyamaza. Kwa somo letu la tatu tunaandika tu:

python -m doctest somo3.txt

Lugha nyingine zina njia zao. Rust huichukua mifano iliyo ndani ya maelezo ya msimbo na kuiendesha kama majaribio. Katika Go mwandishi hutunga mfano kama kipande cha programu na kuandika chini yake jibu linalotarajiwa, nalo linahakikiwa. Wazo ni moja: mfano ulioko kwenye mwongozo uwe ndio huo huo unaojaribiwa, usiwe nakala yake.

Waandishi wa programu wanalijua hili, ingawa wengi hawalifanyi. Ambalo sikulikuta limeandikwa popote, na ndilo linalotuhusu sisi wa kitivo cha lugha, ni kwamba tafsiri huua mifano kwa njia zake yenyewe.

Chukua somo la orodha. Katika matini ya asili kulikuwa na wanyama watatu kwa Kiingereza: ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mwenzetu mmoja aliwatafsiri, kama kazi inavyotaka, na kwa kuwa matini ya asili ilitumia alama moja moja za nukuu, naye akaziacha:

>>> mnyama = 'ng'ombe'

Msomaji wa Kiswahili haoni tatizo. Python inaona neno lililofunguliwa kwa alama ya nukuu, ng, kisha likafungwa. Halafu ombe, kitu kisichojulikana. Halafu alama nyingine iliyofunguliwa bila kufungwa. Ritifaa yetu ndiyo alama yao ya kufungia. Doctest ililikamata papo hapo. Tiba ni kutumia alama mbili mbili, "ng'ombe", na sasa hiyo ni kanuni yetu kwa kila neno, liwe na ritifaa au lisiwe nayo. Lakini angalia yanayofuata. Ukiiomba Python ikuoneshe orodha hiyo ikiwa imepangwa kialfabeti, inajibu hivi:

>>> sorted(["ng'ombe", "mbuzi", "kondoo"])
['kondoo', 'mbuzi', "ng'ombe"]

Mbuzi na kondoo wamerudishiwa alama moja moja, ng'ombe peke yake kabakiziwa mbili, kwa kuwa ana ritifaa tumboni. Hakuna mtafsiri ambaye angebuni jambo hilo akiwa amekaa mezani na kamusi. Tena mpangilio wenyewe umepinduka. Kwa Kiingereza majina ya wanyama hao huanza na c, g na s, kwa hiyo ng'ombe alikuwa wa kwanza na kondoo wa mwisho. Kwa Kiswahili kondoo anatangulia na ng'ombe anafunga safari. Anayetafsiri jibu neno kwa neno, kwa uaminifu wote tuliofundishwa darasani, anaandika uongo. Na urefu wa neno pia: matini ya asili ilisema herufi 3, sisi tunapata 7, kwa sababu mashine inaihesabu ritifaa. Wanafonolojia watanung'unika kwamba ng' ni sauti moja. Wanung'unike, Python haijasoma fonolojia.

Hapo ndipo tulipofikia msimamo ambao sasa tunautetea mbele ya kila mtu: swali la mfano unaweza kulitafsiri, lakini jibu lake hulitafsiri. Unaliendesha upya, kisha unanakili kilichotoka.

Kuna maradhi mengine mawili ya watu wa lugha. La kwanza ni kupenda visawe. Tumelelewa kuona urudiaji wa neno kama umaskini wa mtindo, kwa hiyo mtafsiri akiwa amekiita kitu mifugo kwenye mstari wa kwanza, mkono unamwasha kukiita wanyama kwenye mstari wa nne. Katika insha hilo ni pambo. Katika msimbo, kitu kiitwacho wanyama hakipo, na programu inasimama. La pili ni programu za kuandikia barua, zile zinazoinamisha alama za nukuu bila kuulizwa. Ritifaa iliyonyooka na ritifaa iliyopinda zinasomeka sawa kwa jicho, lakini kwa mashine ni herufi mbili tofauti, na ukiuliza kama "ng'ombe" ni sawa na "ng’ombe" utajibiwa False, yaani si kweli. Kijana anayetafuta ng'ombe katika orodha ya mifugo ya kijiji ataambiwa hayupo, na hayupo kweli, kwa sababu aliyeandikwa ana pembe zilizopinda upande mwingine. Siku hizi tunaandika masomo kwa kihariri cha maandishi matupu, na tumekataza kabisa programu za barua zisiguse faili hadi hatua ya kuchapa.

Nisije nikaeleweka kwamba doctest inamaliza kila kitu. Inajaribu kwa Python iliyoko kwenye mashine yako, wala siyo ya msomaji wako. Kompyuta nyingi zinazofika kwetu ni kuukuu na zina Windows 7; toleo la mwisho la Python linalokubali Windows 7 ni 3.8. Neno match, ambalo waandishi wa vitabu vipya wanalipenda, liliingia katika 3.10. Mfano wenye match unapita vizuri hapa chuoni na unafia kule juu. Kwa hiyo tulitafuta kompyuta kuukuu, tukaiwekea 3.8, na hiyo ndiyo hakimu wetu. Hata maneno ya hitilafu hubadilika: alama ya nukuu iliyosahaulika kufungwa huelezwa kwa maneno fulani katika 3.8 na kwa maneno mengine katika 3.10. Baadhi yetu walitaka maneno hayo ya hitilafu yatafsiriwe kwa Kiswahili ndani ya mifano. Nilipinga, na bado napinga. Mwanafunzi anahitaji kulinganisha ukurasa na skrini, herufi kwa herufi. Tafsiri tunaiweka chini, kwenye maelezo.

Jambo jingine lilitushtua. Doctest inapoendesha faili moja inakumbuka yote yaliyotangulia. Orodha ikiundwa ukurasa wa 3, mfano wa ukurasa wa 12 unaweza kuitumia, na jaribio linapita bila shida. Lakini msomaji anayefungua ukurasa wa 12 leo, baada ya kuzima mashine jana ili kulinda betri, hana orodha hiyo. Jaribio limepita, mtu amekwama. Tulikata masomo yakawa faili fupi fupi, kila moja ikianza na kila kitu inachohitaji, hata kama inarudia mistari ileile mara kumi. Hapa visawe na mtindo vilikufa kifo cha pili.

Kisha kuna mifano ambayo ni sahihi kabisa lakini msomaji hawezi kuijaribu. Katika vitabu vya sarufi vya utotoni mwangu kulikuwa na watu wanaopanda minazi na kuvua pweza. Sarufi ilikuwa timamu. Lakini mtoto wa Minembwe, anayejua ng'ombe, mihogo na ukungu wa asubuhi, hana njia ya kujua kama sentensi ya pweza ni ya kweli, anaikariri tu. Mnazi wa Python ni mstari wa pip install, ule unaoagiza kitu kutoka intaneti. Miongozo mingi huanza nao kana kwamba ni salamu. Sisi tumeuondoa wote. Kila tunachofundisha kimo ndani ya Python yenyewe: kusoma faili za csv, kuhifadhi data kwa sqlite3, kuhesabu tarehe. Tarehe nazo zina usumbufu wake, maana mfano unaoonesha tarehe ya leo hautakuwa kweli kesho, kwa hiyo tunaandika tarehe maalumu ndani ya mfano badala ya kuiuliza saa ya mashine.

Mifano inayogusa fedha ina ugumu wake. Nchini Kenya, anayetaka kuunganisha programu yake na M-Pesa kupitia huduma ya Safaricom iitwayo Daraja hupewa mazingira ya majaribio, yenye namba ya biashara ya mfano 174379, ili aweze kuendesha kila hatua bila shilingi kuhama. Ni mpango mzuri, na M-Pesa tunayo hata Kongo, lakini mazingira hayo yanataka mtandao. Somo hilo tumeliacha nje kwa sasa.

Jambo moja tumeliazima kutoka isimu. Tunapoonesha sentensi isiyokubalika tunaiwekea nyota mbele, ili msomaji asije akaikariri. Mwongozo wa programu nao unahitaji mifano inayokosea kwa makusudi, maana hakuna anayejifunza bila kuona kosa. Doctest inaruhusu: unaandika mfano, kisha chini yake unaandika hitilafu inayotarajiwa, na jaribio linapita endapo tu hitilafu hiyo itatokea. Kwa hiyo hata makosa yetu yanahakikiwa kuwa ni makosa. Nyota tunaichapa pia, pembeni mwa ukurasa.

Profesa mmoja tunayemheshimu sana alituambia kwamba tunatumia muda mwingi kwa jambo dogo, kwani mfano ni mfano tu, kazi yake ni kuonesha umbo. Kwa mwenye mwalimu pembeni, nakubaliana naye. Mwalimu ataziba pengo kwa sentensi moja. Sisi tunamwandikia asiye na mwalimu, na kwake mfano ndio mwalimu.

Tatizo ambalo hatujalitatua ni la baadaye. Kuendesha majaribio kunachukua sekunde chache, lakini lazima awepo mtu wa kuyaendesha kila somo linapoguswa, na watatu kati yetu wanahitimu mwaka huu. Kwa sasa kila ukurasa unaochapwa una mstari mmoja chini: toleo la Python lililotumika na mwezi ambao mifano iliendeshwa mara ya mwisho. Masomo yanasafiri kwa kadi ya simu, kutoka Kigoma kuvuka ziwa hadi Baraka, kisha kupanda na yeyote anayepanda. Mdogo wangu anayapokea na kuyapigisha chapa. Safari iliyopita alirudisha kadi ikiwa na faili moja zaidi: mfano wake mwenyewe wa kugawa maziwa ya asubuhi kwa nyumba nne, wenye alama >>> na majibu yote chini yake. Simu yake ilikuwa imepindisha ritifaa zote. Tulizinyoosha, tukauendesha kwa 3.8, doctest ikanyamaza. Uko somo la nne.